Chiriku Hapashi Kiporo

Ukoo wetu una maradhi mawili: kutia chumvi, na kutojua chumvi imeshafika kiasi gani. Ndiyo maana habari za dada yangu zina matoleo mengi. Ukimsikiliza shangazi, utaambiwa dada alikuwa nyota huko ng'ambo, akipita barabarani watu wanazimia. Ukimsikiliza binamu yetu mmoja, ambaye kijicho alizaliwa nacho kama wengine wanavyozaliwa na alama ya mwili, utaambiwa kazi yake ilikuwa kulala chini na kujifanya maiti. Wote waongo, ingawa binamu kabahatisha kidogo. Maiti aliwahi kuwa, tena mara mbili. Moja nimeiona kwa macho yangu, na nawahakikishia hajatokea maiti aliyetulia vile.

Habari yenyewe ninayo mimi. Mwanzo nilikuwepo, na siku maji yalipomfika shingoni nilikuwepo pia, nimekaa juu ya sanduku la nyaya nimekatazwa kukohoa. Katikati sikuwepo, lakini nimesimuliwa na mwenyewe, na pale alipoficha nimemuuliza mumewe, mtu asiyejua kuficha hata njaa yake.

Jina lake la kuzaliwa halina kazi hapa. Tulimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo. Mama alikuwa akimtuma dukani na mimi nikatumwa kumfuata, maana duka lilikuwa hatua chache tu lakini maongezi yalikuwa marefu. Alipokua, mdomo ule ule ukampeleka jukwaani.

Kikundi chetu kilicheza katika ghala lililokuwa la nafaka. Vumbi la magunia lilibaki limekaa kwenye mbao za dari, na mchezaji akipaza sauti sana lilimwagika juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Kwa hiyo kwetu sisi viti vya mbele ndivyo vilivyokuwa rahisi, na matajiri walikaa nyuma. Pazia lilikuwa upande mmoja kahawia na upande mwingine kijani, kwa kuwa kitambaa cha kahawia kiliisha dukani kazi ikiwa nusu. Taa zilikuwa zangu. Nilizitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kupikia, nikayakata na kuyasugua mpaka yakang'aa, na sitanii nikisema kwamba nusu ya uzuri wa dada yangu miaka ile ilitoka kwenye madebe yangu.

Mwenye kikundi tulimwita Mzee Kengele. Mfukoni alikuwa na kengele ya baiskeli. Akiipiga mara moja, ingia jukwaani. Akiipiga mara mbili, umezidi, toka. Skripti hakuwahi kuandika. Alikuwa na ubao mweusi nyuma ya pazia, na juu yake aliandika kwa chaki mambo machache tu: baba anataka kumuoza binti, binti hataki, mama mkwe anaingia na mzigo. Basi. Maneno utayajua wewe ukishaingia.

Na palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa hata kwa chaki. Ulichosema jana, leo hukisemi. Anayerudia maneno ya jana tulisema anapasha kiporo, na adhabu yake ilikuwa kijiko. Wenzako waliosimama nyuma ya pazia waligonga kijiko kwenye sahani, polepole, watazamaji wasisikie, usikie wewe peke yako. Nimeona wanaume wazima wenye ndevu wakitoka jukwaani macho mekundu kwa ajili ya kijiko.

Chiriku hakugongewa hata siku moja. Alicheza mama mkwe msimu mzima, kila jioni matusi mapya. Muuza viatu mmoja alikuwa haachi kuja, na baada ya mchezo alimngoja mlangoni.

"Jana mkweo ulimwita gunia la mawe," akamwambia. "Leo umemwita mlango usio na komeo. Kesho je?"

"Kesho lete kiingilio."

"Niambie tu mimi, siri yangu."

"Kaka, hata mimi sijui. Nikikwambia leo, kesho nitasema nini?"

Huyo muuza viatu hakumuoa, kabla hamjaanza kukisia. Aliolewa na fundi wa lifti, mtu mpole, katika mji wenye lifti chache na nyingi zake zimekufa. Shemeji alikaa akisubiri zife zaidi, hazikufa, zilikuwa zimeshamaliza. Ikatokea kazi ng'ambo, mji wa maghorofa. Akaichukua, na mkewe naye akafunga mizigo.

Siku ya kuaga, Mzee Kengele alisimama katikati ya ghala, mikono kiunoni.

"Unakwenda kusema na nani huko, mwanangu?"

"Nao."

"Kwa lugha gani?"

"Yao. Nikiimaliza hiyo, nitawafundisha yetu."

Watu wakacheka. Chiriku akaona kicheko kile si cha kumpongeza, ni cha kumsindikiza. Akapandwa na mori, akasema mbele ya wote, na mama yetu akiwa amekaa pale kwenye benchi: "Basi sikilizeni. Sirudi hapa hata kutembea mpaka watu wa huko walipe kiingilio kunisikia nikisema. Si kuniona. Kunisikia."

Ungekuwa wewe ungesema halafu ukasahau. Dada yangu si wa kusahau. Kichwa chake ukikigonga na jiwe, muulize jiwe hali yake.

Wakakaa ghorofa ya saba, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu kila mara, kwa sababu fundi akirudi nyumbani hataki kuona lifti. Chiriku akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi ilikuwa kukunja mashuka, wawili wawili. Mnashika pembe, mnakwenda nyuma, shuka linanyooka, mnafuatana mbele, pembe zinakutana, mnarudi tena. Mwenzake alikuwa mjane mmoja msemaji kama yeye. Kila walipokutana kati ya shuka, mjane alimpa neno moja, na walipoachana Chiriku alilirudia kwa sauti. Lugha ile aliijua kwa njia hiyo, na mpaka leo anaizungumza kama mtu anayekwenda mbele na nyuma.

Alipoona ameiva, akaenda kwa wakala wa waigizaji. Ofisi ya wakala ilikuwa juu ya duka la miwani, na yeye mwenyewe alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimtazama dada yangu, akamsikiliza akieleza mambo ya ghala, ya mama mkwe, ya watazamaji waliorudi kila jioni, akaguna. Kisha akaandika kwenye kadi yake: mwanamke wa makamo, uso wa kusikiliza.

Uso wa kusikiliza! Chiriku! Nilipoelezwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kadi ile ndiyo iliyomtawala miaka mingi. Ikitakiwa picha ya watu wawili wanaopendana kwenye basi, yeye ndiye anayekaa nyuma yao akitazama dirishani. Ikitakiwa nesi wa kusukuma kitanda huku madaktari wakibishana, yeye. Jirani wa kuchungulia mlangoni, yeye. Na maiti, kama nilivyotangulia kusema. Filamu nyingi, na katika zote hakuna mahali alipofungua mdomo isipokuwa pale alipopiga chafya, nayo wakaifuta.

Ukumbi mkubwa wa maonyesho ulimwita pia, viti vyekundu, vitambaa vya mahameli, mahali ambapo madebe yangu yasingeruhusiwa kuvuka mlango. Akafurahi, akatupigia simu. Kumbe kazi ilikuwa kuingia na trei yenye vikombe, kuiweka mezani, bibi mwenye nyumba anasema asante, unatoka. Msimu mzima.

"Hata 'karibu' hawakuniandikia," aliniambia. "Mtu anakwambia asante, wewe unageuka kama umetukanwa."

"Si uiseme tu?"

"Nani kakwambia sikuisema?"

Alikuwa ameisema. Jioni moja, bibi kasema asante, Chiriku kajibu "karibu", polepole, kwa adabu zote. Kesho yake msimamizi wa jukwaa akamwita pembeni, akamwambia maneno yote ya mchezo ule ni mali ya aliyeuandika, na neno lile halikuwa lake. Dada yangu alizoea kwamba neno ni la aliye nalo mdomoni. Aliinua trei yake akaendelea kunyamaza mpaka msimu ukaisha.

Shemeji aliniambia wakati ule nyumbani palikuwa hapakaliki. "Kule analipwa kunyamaza," alisema, "basi akifika hapa anafungulia yote. Hadhira ni mimi. Kiingilio nalipa kwa masikio."

Sasa sikilizeni lilivyotokea lenyewe. Katika filamu moja, yeye akiwa mpita njia mwenye mwavuli, wapita njia wote walikuwa wakila chini ya turubai. Chiriku akaanza kuwaigizia yule bibi wa "asante", jinsi anavyoshusha shingo, jinsi anavyoishika trei kwa macho. Watu wakavunjika mbavu. Mwongozaji wa filamu, kijana mrefu mwenye ndevu za kubahatisha, alikuwa amesimama nyuma na sahani yake, chakula kimepoa.

Baada ya siku chache akamwita ofisini kwake. Filamu nyingine hiyo, akamwambia. Kuna mtu amekaa mbali na mama yake miaka mingi. Anarudi na maua mkononi, anakuta mama ameshazikwa. Jirani ndiye anayempokea jikoni. "Maneno ya jirani bado sijayaandika," akasema. "Niambie, wewe ungemwambia nini?" Akawasha kinasa sauti.

Chiriku hakuuliza mara mbili. Alisimama, akasema kwa muda wa birika kuchemka. Nimeisikia sauti ile ya kinasa. Alisema hivi, kwa kufupisha:

"Umekuja na maua. Nani atayala? Mama yako hakutaka maua. Alitaka mtu wa kumfungulia chupa ya dawa. Kifuniko kilikuwa kigumu. Mimi nimefungua kifuniko kile mpaka kiganja kimeota sugu. Hebu nionyeshe mikono yako. Ionyeshe! Mbona ni mizima?"

Mwongozaji akazima kinasa, akamwambia sehemu ni yake. Sehemu yenye maneno, ya watu kulipa na kusikia. Dada yangu akateremka ngazi za ofisi ile anaimba.

Wiki iliyofuata akaletewa skripti. Akafungua ukurasa wa jirani, akasoma, akakaa chini. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, yamepigwa chapa vizuri na nukta zake. Akanipigia simu.

"Wameniletea kiporo," akasema. "Tena kiporo changu mwenyewe!"

"Sasa si rahisi? Unakijua."

"Ndiyo shida yenyewe, nakijua! Haya nilishayasema, wewe. Nimeyatoa, yamekwisha."

Nikamwambia ayameze yatoke tena, dunia nzima inafanya hivyo. Nami nikafunga safari, kwa kuwa tiketi alikuwa ameshanitumia, na jambo kubwa kama lile halifai kufanyika bila mtu wa taa kutoka nyumbani. Shemeji alinipokea kwa koti lake lenye mikono mirefu kuliko yangu, na ndani ya koti hilo ndimo nilimotembea muda wote nilipokuwa kule.

Jiko la filamu halikuwa jiko. Lilijengwa kwa mbao ndani ya banda kubwa, sinki lisilo na bomba, dirisha ambalo nje yake kuna taa badala ya jua. Taa hiyo niliikagua, si mbaya. Ukuta mmoja ulivutwa kando kama mlango wa stoo ili kamera ipite. Juu ya meza palikuwa na vikombe ambavyo Chiriku alitakiwa kuvifuta kwa kitambaa huku akisema, kimoja baada ya kingine. Aliyecheza mtoto aliyepotea alikuwa nyota wa kweli, bwana mstaarabu aliyekunywa maji ya moto kulinda koo lake. Na pembeni, kwenye kiti chake cha kukunja, alikaa mama mmoja mnene mwenye kamera ndogo shingoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kila kitu kila wanaposimama, ili wakianza tena kila kitu kiwe pale pale. Nilimwita Mama Picha, akapenda.

Wakaanza. Chiriku akasema vizuri ajabu, mpaka mbeba maikrofoni akauma mdomo. Mwongozaji akapiga makofi.

"Safi! Sasa vile vile, kamera inahamia upande huu."

Kamera ikahama. Chiriku akasema vizuri tena, pengine kuliko kwanza. Ila safari hii chupa ya dawa ilikuwa dirisha lililokwama, na sugu za kiganja zikawa maumivu ya bega. Wengine wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mama Picha akainua mkono. "Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, sasa kulia. Na amesema dirisha."

"Rudieni," mwongozaji akasema.

Mara ya tatu akamwambia nyota, "Umekuja na keki." Bwana wa watu kashika maua! Akayatazama maua, akamtazama dada yangu, akasahau zamu yake ya kujibu. Alikuwa hajui ajibu lini, maana neno alilolisubiri halikuja.

Mwongozaji akaja kumweleza taratibu. Filamu inakatwa na kuungwa, akasema. Uso kutoka upande huu, mkono kutoka upande ule. Maneno yakitofautiana, hakuna kinachoungana. Chiriku akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Kuelewa alielewa. Lakini alipofika kwenye "chupa ya dawa", aliniambia baadaye, alisikia kijiko kikigonga sahani ndani ya kichwa chake, na mdomo ukakimbilia pengine wenyewe. Wakarudia, na wakarudia. Kila mara mazuri, kila mara mengine. Hakuna aliyecheka tena. Jasho lilikuwa limemshika hadi shingoni, na fundi wa poda akawa anamfuta kama anafuta dirisha.

Ndipo akaingia mtayarishaji, mwanamke wa simu mbili, mwenye haraka ya kila kitu. Akamnong'oneza mwongozaji. Mimi lugha yao sikuijua, maneno yao yote haya dada alinitafsiria baadaye, lakini nilimwona Mama Picha akishusha kamera yake, nikajua si heri. Wakatangaza mapumziko ya chakula.

"Wamesema nini?" nikamuuliza dada.

"Wanataka mgongo wangu. Nisimame naangalia sinki. Sauti watatia ya mtu mwingine baadaye."

"Mgongo wako si mbaya, lakini."

"Nyamaza, wewe! Nakuambia wananinyang'anya sauti, wewe unasifu mgongo?"

Nikanyamaza, jambo ambalo huwa silifanyi. Alikwenda kukaa katika chumba cha nguo, katikati ya makoti yaliyotundikwa, na mimi nikamfuata na mkate. Hakula. Alisema, kama anamwambia koti lililo mbele yake, kwamba mgongo kila mtu anao. Miaka yote hiyo walikuwa wakimwona. Leo wangemsikia, na badala yake wangemsikia mwanamke mwingine akitoka ndani ya mgongo wake. Na baada ya leo nani angempa neno? Habari zingefika kwa yule wa miwani mbili, kwamba mama huyu hawezi.

Mama Picha akaingia na picha zake, akazipanga juu ya pasi iliyopoa. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Akamuuliza kwa nini hawezi kusema jambo mara mbili, na Chiriku akamweleza mambo ya ghala na kijiko. Mama Picha alisikiliza mpaka mwisho. Hata hakucheka.

"Kule kwenu kila siku mnabadilisha maneno," akasema, dada akinitafsiria kando. "Na unayemwambia?"

"Mkwe. Ni yule yule siku zote."

"Basi hapa geuza. Maneno yaache yale yale, wa kuambiwa mbadilishe. Yule bwana wa maua umeshamwambia. Sasa mwambie mwingine."

Chiriku akainua uso. Wazo hilo mimi nilikuwa nalo pia, tena mapema, ila mdomoni mlikuwa na mkate.

Tukaanza mazoezi mle mle. Nilisimama mimi kama nyota, nimeshika fagio badala ya maua, mikono ya koti inaning'inia. Vikombe vikawa makopo ya poda. Mama Picha alishika picha akisimamia mikono: kushoto, futa, weka, sasa kulia. Chiriku akafumba macho kidogo, akafumbua, akasema yote kutoka "umekuja na maua" hadi "mbona ni mizima", bila kukosea nukta. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mahali fulani nyuma ya sikio langu.

"Ulikuwa unamwambia nani?" nikauliza.

"Msimamizi wa jukwaa. Yule wa 'karibu'."

"Kakoma?"

"Bado. Simama vizuri, na fagio usilishike kama jembe."

Tukarudi bandani. Mtayarishaji alikuwa ameshaagiza kiti kisogezwe ili mgongo ukae sawasawa. Chiriku akamwendea mwongozaji, akamwomba mara moja tu, uso mbele, na akikosea neno moja atageuka mwenyewe bila kuambiwa. Mwongozaji akamtazama mwanamke wa simu mbili. Mwanamke wa simu mbili akatazama simu zote mbili, akasema moja.

Mara hiyo moja aliisema kwa wakala wa miwani. Kadi ile ya uso wa kusikiliza ilikuwa ndani ya kila neno, na maneno yalikuwa yale yale. Mama Picha akasema, "Kikombe kushoto. Sawa." Kamera ikahama. Mara ya pili akanitupia mimi, na nawaambieni, ingawa lugha sikuijua, nilijikuta naficha mikono ndani ya koti la shemeji. Maneno yale yale. "Sawa," akasema Mama Picha. Nyota naye akachangamka, maana sasa alijua mlango uko wapi, na alipojibu alijibu mahali pake.

Ikabaki ya mwisho, ya uso wake peke yake, kamera karibu kama kioo cha kinyozi. Chiriku akaomba maji, akanywa, akarudisha bilauri. Alichelewa kidogo kuanza. Kisha akasema. Safari hii hakupaza sauti popote. "Alitaka mtu wa kumfungulia chupa ya dawa," akasema, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, na akafika kwenye mikono, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyoshika kikombe na kitambaa, akauliza mbona ni mizima.

Mwongozaji alichelewa kusema kata.

Hiyo ya mwisho alimwambia nani, sikumuuliza. Mama yetu alifariki dada akiwa kule, msimu ule wa trei, na mazishini nilisimama mimi.

Mama Picha alitazama picha yake. "Kushoto," akasema. "Sawa."

Filamu ilipotoka tulikwenda kuiona, mimi, shemeji na yule mjane wa mashuka, Chiriku akiwa katikati yetu amevaa kama anakwenda kuolewa upya. Mlangoni shemeji alitaka kuonyesha barua ya kuingia bure. Dada akamzuia. Akalipa kiingilio, cha kila mmoja wetu, akasema leo ndani mle hataki mtu wa bure.

Maneno ya jirani walikuwa wameyakata. Kati ya yote aliyosema palibaki maua, chupa na mikono. Yalipita haraka, mtu akiinama kuokota kofia yake yamekwisha. Lakini yalisikika. Kwenye "nani atayala" watu walicheka, kwenye mikono wakanyamaza. Mzee mmoja mbele yetu aliitazama mikono yake mwenyewe gizani kisha akaiweka mifukoni. Chiriku hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Shemeji alipata woga, akaniuliza kwa siri kama anaumwa.

Nilitaka twende tena kesho yake. Akakataa. "Kufanya nini? Nimeshayasikia." Nikaenda peke yangu, na naripoti kwamba alisema yale yale, kikombe mkono wa kushoto, na watu walicheka pale pale.

Mwaka ule alirudi kutembea, kama alivyosema. Alifika asubuhi, akaenda makaburini kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, akakaa huko mpaka shangazi akaanza kulalamika kwamba chakula kinapoa. Aliporudi alikuwa na maneno ya kawaida, akamtania shangazi kuhusu unene wake, na jioni akaondoa mchanga kwenye viatu vyake nje ya mlango.

Wakala wa miwani akabadilisha kadi, sijui aliandika nini. Akawa anapata sehemu zenye maneno: mwenye nyumba wa kudai, hakimu, bibi wa harusi ya watu. Kisha ukumbi ule ule wa viti vyekundu ukamwita tena, mchezo wa mwaka mzima, sehemu ndefu, maneno yaliyoandikwa na mwenye mali, kila jioni vile vile. Mimi nilidhani ataugua. Yupo mpaka sasa, hajakosa jioni hata moja.

Juzi nilimpigia simu kumuuliza hali.

"Salama," akasema. "Jana ilikuwa zamu yako."

"Yangu? Ulinisema mbele za watu?"

"Kuanzia pazia mpaka pazia."

"Nimefanya nini tena, dada?"

"Tulia hapo hapo. Una zamu mpaka Jumapili."